Nyekundu ya udongo: ina maana gani, na itatumikaje bila kugeuka kahawia?

Mchora_Lebo
Wakuu, naomba mwongozo. Mteja anauza bidhaa za ngozi na anataka rangi ya "terakota", yaani nyekundu ya udongo uliochomwa, kwenye nembo, lebo za karatasi na tovuti. Ukuta mmoja wa chumba cha mauzo nao uifuate. Tatizo ni kwamba picha alizotuma hazifanani: moja ina rangi ya chungu, nyingine ya kutu, nyingine inakaribia damu ya mzee. Rangi hii husema nini kwa mtazamaji? Nianze na msimbo upi, na niiweke pamoja na rangi gani?

Kinu_cha_Rangi
Jina peke yake halitoshi, mkuu. Mwandikie mteja misimbo, yaani namba zinazoiambia kompyuta rangi kamili, na achague mmoja kabla hujachora chochote. Terakota ni #E2725B, ya kutu ni #B7410E, sienna (udongo wa kahawia-nyekundu) ni #A0522D, na ile nzito ya sienna iliyochomwa ni #8A3324. Zote ni za ukoo mmoja lakini kazi zake ni tofauti kabisa.

Kuhusu maana, anzia kwenye kitu chenyewe. Wekundu huu ni oksidi ya chuma, ileile iliyomo kwenye ngeu, udongo mwekundu ambao seremala huchorea mistari. Udongo wa njano ukichomwa hadi nyuzi 300 za Selsiasi hivi, maji yaliyofungwa ndani ya madini yake hutoka, nao hugeuka mwekundu. Kwa hiyo ni rangi ya ardhi iliyopita motoni, na ndiyo sababu macho huisoma kama chungu, tofali, jiko, mkono wa fundi. Binadamu wameizoea muda mrefu mno: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, vimepatikana makombe ya baharini yaliyotumika kuchanganyia ngeu yapata miaka 100,000 iliyopita. Wanawake wa Kihimba wa Namibia hadi leo hujipaka otjize, ngeu iliyochanganywa na mafuta ya siagi.

Nyekundu kali husema simama, hatari, punguzo la bei. Hii ya udongo husema tulia, kimetengenezwa kwa mkono, kitadumu. Kinachozitenganisha zaidi ni ukali. Ukiongeza ukali kidogo unarudi kwenye tangazo la punguzo. Ukipunguza mno unaangukia kahawia, na kwa bidhaa za ngozi hiyo ni hasara, maana lebo itamezwa na bidhaa yenyewe.

Skrini_Safi
Upande wa tovuti, usiandike maneno madogo kwa #E2725B juu ya nyeupe. Uwiano wa mwanga kati ya herufi na nyeupe iliyo nyuma yake ni takriban 3.1 kwa 1, na maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5. Inafaa kwa vichwa vikubwa tu. Maneno meupe juu ya kitufe cha terakota yana kasoro hiyohiyo, na hili ndilo kosa ninaloliona kila siku. Tumia #A0522D, ambayo juu ya nyeupe inatoa 5.6, au #8A3324, inayofika 8.

Jambo la pili ni fomu. Kitufe cha "Nunua" kikiwa chekundu-udongo na ujumbe wa kosa ukawa mwekundu, mtumiaji anadhani kununua ni kosa. Ujumbe wa kosa uwe na alama na neno "Kosa", usitegemee rangi peke yake.

Rangi za kuiweka nayo: badala ya nyeupe tupu tumia ya maziwa, mfano #FBF3E7, nyeupe kali huifanya terakota ionekane ya plastiki. Inayoikabili kwenye gurudumu la rangi ni buluu yenye ukijani, kwa hiyo buluu nzito ya namna hiyo kwa asilimia 10 ya ukurasa inaiamsha vizuri. Kijani cha zeituni kinapendeza pia, ila kisiwe na mwanga sawa na terakota. Wasiotofautisha nyekundu na kijani wataziona kama rangi moja.

Mashine_Mbili
Kwenye lebo, adui ni saiani, ule wino wa buluu-kijani wa mashine ya kuchapa. Kwa kuwa saiani ndiyo kinyume cha nyekundu, nyongeza ya asilimia chache tu huipeleka rangi kwenye kahawia. Anza jaribio na asilimia hizi za wino: saiani 5, majenta (waridi-zambarau) 65, njano 62, nyeusi 0. Ukiruhusu programu igeuze yenyewe rangi ya skrini kuwa ya wino, mara nyingine hutia nyeusi, na rangi inakuwa na vumbi. Karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino na kuizimisha rangi zaidi, hivyo omba sampuli kwenye karatasi ileile ya lebo. Kama lebo ni nyingi na zitarudiwa kuchapwa, lipia wino mmoja uliochanganywa tayari. Hapo hakuna saiani ya kupanda na kushuka.

Mchora_Lebo
Shukrani sana. Nilisahau jambo moja: sakafu ya saruji nayo anaitaka nyekundu.

Fundi_Sakafu
Tumia oksidi ya chuma ya unga, siyo rangi nyingine nyekundu; nyingi hufa kwenye saruji kwa ukali wa chokaa yake. Kiasi ni asilimia 5 ya uzito wa saruji, yaani kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50. Usivuke asilimia 10, maana wekundu hauongezeki tena na unadhoofisha sakafu. Changanya oksidi na saruji vikavu mpaka usione mstari hata mmoja, ndipo utie maji, na maji yapimwe kwa ndoo ileile kila mchanganyiko. Maji yakizidi, rangi inapauka. Usinyunyize maji wakati wa kulainisha kwa mwiko, utapata mabaka. Ukungu mweupe ukijitokeza baadaye, ni chumvi na chokaa vilivyopanda na unyevu; oksidi yenyewe haijafifia.

Ukutani, paka rangi mara mbili, tabaka juu ya tabaka, kwenye kadibodi kubwa, uiegemeze pale ukutani, uitazame mchana na usiku. Taa ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga; hii ni ya manjano) huiongezea wekundu, ya 4000, iliyo nyeupe zaidi, huivuta kwenye kahawia. Ukuta mzima huonekana mkali kuliko kipande cha sampuli, kwa hiyo chagua yenye ukali pungufu kwa hatua moja.