Mrejesho: kifaa cha mfukoni nimeshachagua

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nitembee na kipi kila siku hapa Dar: Leatherman Wave, kile kifaa cha kukunja chenye koleo, visu na zana nyingine, au Victorinox Classic SD, kile kisu kidogo cha kukunja chenye mkasi, cha kuning'iniza kwenye funguo. Wengi mlisema Wave.

Niliazima ya shemeji wiki nzima. Chuma kweli, sikatai, lakini gramu 241 kwenye suruali ya kitambaa zinavuta mfuko mpaka unajishtukia, na ukikaa kwenye mwendokasi inakuumiza paja. Koleo nililitumia mara moja tu, kukunja waya wa feni.

Nikachukua Classic. Urefu milimita 58, uzito gramu 21 hivi. Kumbe mkasi ndio kazi yote! Nyuzi za shati, vifurushi, kucha, pakiti za maziwa (wife ameshaanza kuiazima). Ncha ya tupa inakaza skrubu ndogo za bapa, na kibano kimeshamtoa mtoto mwiba.

Kasoro: haina kifungua soda wala bisibisi ya nyota. Ijumaa napanda ndege kwenda Mwanza, kwa hiyo itakaa kwenye begi la kukabidhi.