Viti, basi na katekista: parokia jirani zinaanzaje kushirikiana?

MwekaHazina_Eastlands
Tumsifu Yesu Kristu. Natunza hazina ya parokia moja huku Eastlands, Nairobi. Jirani zetu wako karibu, hata kengele yao tunaisikia. Zamani tulikuwa kigango chao, yaani kanisa dogo chini ya parokia yao. Tulipopewa parokia yetu tuligawana hadi vikombe vya chai, na tangu hapo kila mtu na chake. Wao wana basi linaloshinda limeegeshwa Jumatatu hadi Ijumaa. Sisi tuna ukumbi. Oktoba inakaribia, sote tunakwenda kuhiji Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, na bado sisi tutatafuta gari la kukodi.

Kipaimara kilichopita tulilipia mahema, na ya jirani yalikuwa yamekunjwa stoo. Niliyaona kwa macho yangu nilipokwenda kuchukua cheti cha ubatizo cha binti yangu, maana waliobatizwa enzi za kigango bado wako kwenye daftari lao.

Dekano, padri anayeratibu parokia za eneo letu (dekania), ametuomba tushirikiane na sote tukapiga makofi. Kurudi barazani, maswali: viti vikivunjika nani analipa? Basi likigongwa? Na Wakristo wetu wakizoea kusali kule, sadaka je? Hilo la mwisho hakuna anayelisema kwa sauti, lakini ndilo lenyewe.

Aliye na uzoefu anieleze mlivyoanza. Mahubiri ya umoja nimeshayasikia ya kutosha.

Katekista_Mstaafu
Milele na milele, mama. Acheni mali kwanza, anzeni na watu. Kwaresima mapadri wa dekania si huzunguka kuungamisha parokia moja baada ya nyingine? Umewahi kusikia mtu akiuliza hiyo ni hasara ya nani?

Sisi tulianza na mafundisho ya ndoa. Huku wachumba wachache, kule wachache, na kila upande ulikuwa unahangaika kutafuta wakili na muuguzi wa kuja kufundisha. Tukaunganisha darasa. Jumamosi ya kwanza wa kwetu walikaa dirishani, wa kwao wakakaa mlangoni, kama ndugu wa bwana harusi na wa bibi harusi kabla mahari haijaelewana. Kufika somo la bajeti ya nyumba walikuwa wanabishana kodi ya nyumba Kayole na Umoja bila kujali nani ametoka wapi. Baada ya hapo, kuomba viti likawa jambo la simu moja.

Mlei_na_Kanuni
Niongeze upande wa sheria, maana hofu nyingi zinatokana na kudhani kushirikiana ni kuunganisha mifuko. Kanuni za Kanisa za 1983 zinaipa kila parokia utu wake kisheria (kanuni ya 515), na ya 537 inataka kila moja iwe na baraza lake la fedha. Kwa hiyo akaunti zenu hazichanganyiki hata mkiazimana kila kitu. Kazi ya dekano, kanuni ya 555, ni kuratibu uchungaji wa pamoja, si kushika funguo za stoo yenu. Someni pia kanuni ya 1267: sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo. Kama basi lilichangiwa kwa harambee, tazameni wachangaji waliambiwa nini.

Basi lenyewe ndipo pa kuwa makini. Kama bima yake ni ya gari binafsi na mkaanza kulipana "nauli", kampuni ya bima inaweza kusema lilikuwa kwenye biashara na ikakataa fidia. Ulizeni bima kwanza, jibu liwe la maandishi, kabla hata ya kukubaliana mafuta na posho ya dereva.

Kinanda_Misa_ya_Pili
Shikamooni. Vijana tulishaanza zamani bila barua ya mtu. Mimi hupiga kinanda kwetu asubuhi, kisha napanda boda kwenda kupiga kule.

Kitu ambacho wazee hawajagusa ni ratiba. Parokia zote mbili Misa ni saa moja na saa tatu. Padri mmoja akiugua au akiitwa mazishi ya mbali, mwenzake hawezi kusaidia kwa sababu naye yuko altareni saa ile ile. Sogezeni moja iwe saa nne na nusu muone.

Kuhusu sadaka, mama, watu husali pale matatu inapowashusha. Lakini zaka? Kwetu hutolewa kupitia jumuiya, vile vikundi vidogo vya waumini vya mtaani, na kadi iko kwa katibu wa jumuiya. Mtu akisali kwa jirani mwezi mzima, kadi yake haihami.

MwekaHazina_Eastlands
Kijana, hiyo ya kadi naibeba hivyo hivyo hadi barazani. Marahaba.

Nimempigia mweka hazina mwenzangu wa kule. Viti na mahema amekubali: daftari moja, anayechukua na anayepokea wahesabu pamoja na kutia sahihi, kilichovunjika kilipwe na aliyeazima. Basi tunasubiri bima. Ratiba ya Misa ni ya mababa paroko, siingii hapo.

Ila naye hakukata simu bila lake. Anataka ukumbi wetu Novemba, bure, kwa harusi ya mwanakwaya wao. Jumamosi hiyo nilishampa mtu, na alishalipa nusu. Nimemwambia Jumapili upo wazi, akasema atawauliza wenye harusi.