Maswali ya kurusha kitu juu kwenye kipeo cha pili: tunafundisha au tunawadanganya madogo?

Mleta mada:
Wakuu, kitabu chochote cha hesabu ukifika kwenye kipeo cha pili (ile milinganyo yenye x²) lazima ukute kitu kinarushwa juu, mara mpira mara jiwe mara roketi, afu unapewa h = -4.9t² + 20t + 1.5 (h ni urefu kwa mita, t ni sekunde), tafuta kitapanda mpaka wapi na kitagonga ardhi baada ya sekunde ngapi. Mi nasema haya maswali yaondolewe au yaandikwe upya. Dogo anatoka na fomula kichwani ila hajui hata hiyo 4.9 imetoka wapi (ni nusu ya 9.8, mchapuko wa mvutano wa dunia, sentensi moja tu hiyo!) na hakuna aliyemwambia kwamba hewa imetolewa kwenye hesabu. Leteni hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Napinga. Chukua tufe la wanaume, kilo 7.26, linatoka mkononi kwa mita 14 hivi kwa sekunde, hapo hewa haina cha kulifanya na fomula inakupa jibu karibu sawa na la uwanjani. Galileo mwenyewe alipochapisha habari za parabola (ule mkunjo wa njia ya kitu kilichorushwa) mwaka 1638 alijua hewa inaharibu umbo, na bado aliandika. Unaanza na rahisi.

Mchangiaji wa pili:
Sawa, sasa weka kile kimpira cha manyoya cha badminton. Ukirushe wima kwa mita 20 kwa sekunde fomula inasema kitapanda mita 20 na kidogo, wakati ukweli ni mita 5 hivi, sababu kikianguka hakivuki mita 7 kwa sekunde hata ukidondoshe kutoka ghorofani. Hilo sio kosa dogo la desimali jamani, hiyo ni mara nne.

Mleta mada:
Ndo nilichokuwa nasema! Na roketi ndo kichekesho kabisa, injini inawaka inasukuma, uzito unapungua kadri mafuta yanavyoisha, afu mtu anakuandikia -4.9t² toka sekunde ya sifuri. Fomula hiyo inaanza kufaa injini ikishazima.

Mchangiaji wa tatu:
Mnagombania hewa, tatizo kubwa liko kwingine. Nafundisha hesabu na kinachowachanganya wanafunzi sio hewa, ni ile picha. Mpira umerushwa wima, umepanda umeshuka palepale, njia yake ni mstari ulionyooka, lakini grafu yake ni parabola, na mwanafunzi akiiona anaamini mpira umepinda kwenda kule mbele. Mlalo wa grafu ni muda, sio umbali! Tena vitabu vingine vinachora mtoto amesimama chini ya grafu akirusha, yani wanamchanganya kwa makusudi kabisa. Halafu kuna jibu hasi. Kwenye huo mlinganyo wa mleta mada unapata t = 4.16 na t = -0.07, kila mtu anafundishwa "futa hasi, muda hauwi hasi" na kuendelea, wakati lina maana nzuri tu, ni kwamba ungetaka mpira uanzie ardhini na upite mkononi kwako ukiwa na kasi ileile, ungebidi urushwe sekunde 0.07 kabla. Mi ningetunga swali zima kwa ajili ya hiyo hasi peke yake. Kwa hiyo maswali yabaki, ila aliyeandika aseme kitu gani kinarushwa na kwa nini hewa tumeiacha.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo tunaelewana mwalimu. Simu zipo, wanafunzi warekodi wenyewe, wasome urefu kila sehemu ya kumi ya sekunde, watoe tofauti, afu tofauti za tofauti. Kwa tufe zitakuja karibu sentimita 10 kila mara, juu mpaka chini, na tofauti za tofauti zikilingana hivyo ndo alama ya kipeo cha pili, wameiona bila kukariri.

Mleta mada:
Na kimpira cha manyoya?

Mchangiaji wa tatu:
Kikipanda zinazidi 10 kwa mbali, pale juu kabisa zinakuwa kama 10, kikishuka zinapungua kuelekea sifuri. Wape zote mbili bila kuwaambia ipi ni ipi, waseme wenyewe fomula inafaa wapi.

Mleta mada:
Hilo la kuondoa maswali nalifuta. La roketi nabaki nalo.