Tupeane uzoefu: mashairi na sanaa kwa darasa la tatu na la nne

Mleta mada (Tanga mjini)

Walimu, salaam. Kila mwenye mbinu inayofanya kazi aimwage hapa. Mimi naanza na hili: sikio kwanza, istilahi baadaye. Mtoto akiandikiwa "vina, mizani, mishororo, kituo" siku ya kwanza, atayakariri kwa ajili ya mtihani na shairi lenyewe halitamwingia.

Kipindi cha kwanza kiwe makofi tu, silabi moja kofi moja. Anza na majina yao, kisha vitu. "Mbuzi" ni makofi mawili, mbu-zi. "Mbu" nayo ni mawili, m-bu! Watabishana, waache wabishane, maana hapo ndipo mizani, yaani hesabu ya silabi, inapokaa kichwani. "Mtoto" ni matatu, lakini wengi watapiga mawili kwa sababu ile m humezwa mtu akisema haraka. Watamkishe polepole mpaka midomo ifunge kabla ya "to".

Wakishika, wapeni utenzi. Tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mizani 16 kila mstari, isubiri. Pumzi ya mtoto wa miaka tisa haifiki na kina cha kati (silabi inayofanana katikati ya mistari) humpotea. Ubeti wa utenzi una mishororo (mistari) 4 ya mizani 8. Mitatu ya mwanzo hushirikiana kina, wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti. Wa kuandika ubaoni:

Chungwa tamu la Muheza
Sokoni linapendeza
Mama ananieleza
Nilimenye polepole

Waghani mara tatu. Kisha futa "linapendeza", kila dawati lilete neno lake la mizani 5 linaloishia na -za. Ubeti wa pili wautunge wenyewe, mshororo wa mwisho uishie na -le.

Mdau wa Pangani

Ahsante, mwalimu. Naongezea kwenye vina. Watoto huona irabu ya mwisho inatosha, "pendeza" na "panda" wanasema sawa kwa kuwa zote zina a. Kina ni silabi nzima. Pia wapo wanaochanganya la na ra. Sahihisha kwa kutamka, kalamu nyekundu haisaidii hapo.

Dawa yake ni kapu la maneno. Kata vikaratasi 40: kumi vya -za, kumi vya -le, kumi vya -ni, kumi vya -ka. Bila kapu, mtoto hubuni neno lisilo na maana ili kina kitimie tu.

Mdau wa Bagamoyo

Kwenye uchoraji tumieni kanga, kila mtoto anayo nyumbani. Waoneshe pindo (ukingo), mji (picha ya katikati) na jina (maandishi yake). Karatasi ilazwe kwa upana, pindo lizunguke pande zote, jina likae chini ya mji. Sharti: jina liwe na mizani 8. Hapo ushairi na uchoraji vimekutana bila kulazimishana.

Rangi si lazima kununua. Udongo mwekundu uliokauka, utwange, uchekeche kwa kitambaa chepesi. Mkaa kwa nyeusi, manjano ya jikoni kwa njano (hupauka juani, msiibandike dirishani). Gundi: kikombe 1 cha unga wa muhogo kikorogwe kwanza na maji baridi, kisha kimiminwe kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka. Ukitia unga mkavu kwenye maji moto utapata mabonge. Changanya na udongo hadi uzito wa uji mwepesi. Ukizidisha udongo, rangi hupasuka ikikauka. Pika ya siku hiyo tu, kesho inanuka.

Mhuri wa mji chonga kwenye kipande cha kiazi. Kifute maji kabla ya kuchovya, la sivyo picha inatota. Na msichonge herufi, zitatoka kinyume.

Walio karibu na TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, ombeni mpiga ngoma awashikie mdundo siku ya kughani.

Mwalimu wa Korogwe

Shikamooni. Darasa lina watoto 90, karatasi zitatoka wapi?

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Makundi 15 ya watoto sita, kanga moja kila kundi. Wawili pindo, wawili mji, wawili jina. Karatasi za kalenda za mwaka uliopita, upande mweupe, zinatosha kabisa na ni nzito, hazitoboki kwa rangi ya maji. Wa jina waanze kwanza kwa penseli, wahesabu kwa makofi, ndipo wa rangi waguse. Wakianza wote pamoja, pindo litameza nafasi ya jina.