Arusha: Hii kamati ya kituo cha afya inayopitisha mambo kwa niaba yetu, nani aliichagua?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha, mnivumilie.

Kituo chetu cha afya ni cha serikali, kiko hapahapa jijini Arusha. Jina naliacha, maana najua shida hii haiko kituo kimoja. Kliniki ya presha na sukari ilikuwa siku tatu kwa wiki. Sasa ni Jumatano tu. Tangazo lenyewe ni karatasi iliyoandikwa kwa maka peni, ikabandikwa kwa plasta ya kidonda kwenye kioo cha dirisha la kadi. Halina sababu, halina sahihi, halina hata cheo cha aliyeamua. Watu wamepata habari wakiwa tayari wamefika, nauli imeshaliwa.

Mgonjwa wa sukari anayekuja kupima asubuhi anatakiwa awe hajala. Sasa wazee wa Muriet, Terrat na Olasiti wanapanda kifodi cha kwanza, tumbo tupu, wanakuta korido imejaa watu waliokuwa wanagawanywa siku tatu. Inafika saa saba mchana hawajaitwa. Nimemshuhudia mzee akianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba kwenye lile benchi, mikono haishiki kadi, mpaka mama aliyekaa jirani yake akamfungulia chupa ya soda iliyokuwa ya mwanae. Muuguzi alikuwa mmoja, anakimbia huku na kule. Wauguzi sina ugomvi nao kabisa, wameelemewa kuliko sisi.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya tatizo hili wagonjwa wenyewe wanayo. Kaeni kwenye foleni ile muwasikilize. Watakwambia: wengi wetu tumefuata vidonge tu, tupangieni mchana, waliofunga waanze asubuhi na mapema. Watakwambia wa mtaa fulani wapewe siku yao na wa mtaa mwingine siku yao. Hakuna aliyewauliza!

Halafu kuna bibi zetu wa Kimaasai wanaotoka pembezoni. Koko mmoja, yaani bibi kwa Kimaa, alikuwa anaelezewa namna ya kumeza dawa mbili tofauti, anaitikia tu, macho yako chini. Hakuelewa neno. Aliyeokoa jahazi ni dada wa usafi, akaweka ndoo chini akamtafsiria Kimaa, pale pale mlangoni, kila mtu anasikia ugonjwa wa mtu. Hii ni Arusha, jamani. Kituo kinachohudumia Wamaasai kila siku hakina utaratibu wowote wa mtu anayejua Kimaa, kwa sababu hakuna Mmaasai aliyewahi kuulizwa huduma anaipataje.

Sasa nije kwenye kiini. Kwa utaratibu wa nchi hii, kituo cha serikali hakitakiwi kuendeshwa na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, peke yake. Kuna kamati ya usimamizi ya kituo, na juu yake kuna Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Mambo haya si mapya, yana mizizi tangu enzi za Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001. Ndani ya kamati wanatakiwa wawemo wawakilishi wa wananchi wanaotumia kituo. Mfawidhi ni katibu. Kamati ndiyo inapitia mpango na bajeti ya kituo, inafuatilia mapato na matumizi, inashuhudia hata dawa zikipokelewa kutoka Bohari ya Dawa ya serikali. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Maana yake kamati ina kazi nzito kuliko zamani, hela ipo mlangoni kwetu.

Nimeuliza wajumbe wetu ni akina nani. Dirisha la kadi hawajui. Ofisi ya mtaa wananiambia "wapo". Balozi wangu wa nyumba kumi hajui. Nilichoambulia ni fununu kwamba mmoja alihamia Babati na mwingine ni ndugu wa kiongozi wa zamani wa mtaa. Mkutano uliowachagua simpati mtu hata mmoja aliyehudhuria.

Lakini kamati hiyohiyo isiyojulikana imepitisha ujenzi wa geti jipya la chuma, limepakwa rangi vizuri, lina maandishi. Wakati huohuo jengo la wazazi halina maji ya uhakika. Mke wa jirani yangu ameingia kujifungua na dada yake akiwa na ndoo mbili za maji kichwani na mkononi, kutoka bomba la nje, usiku. Nani kati ya akina mama waliojifungulia pale angenyoosha mkono kuchagua geti? Mleteni hapa.

Mtaniambia wananchi wenyewe hawaji kwenye mikutano. Hoja hiyo naikataa. Mkutano unaitwa Jumatatu saa nne asubuhi, watu wako Kilombero sokoni, wako saiti, wako kwenye bodaboda. Tangazo linawekwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, jana yake. Ila wakati wa kuchangisha saruji na mchanga wa wodi walitupata wote, nyumba kwa nyumba, na daftari la majina, na asiyetoa alifuatwa mara ya pili. CHF iliyoboreshwa nayo, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, wahamasishaji walipita mpaka vichochoroni. Njia ya kutufikia wanaijua.

Sanduku la maoni lipo, ukutani karibu na maabara. Kufuli lina kutu. Nimemuuliza mhudumu ufunguo anakaa nao nani, akaniambia tangu ahamishiwe hapo hajaona likifunguliwa.

Nisieleweke kwamba naomba fadhila. Katiba yetu ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kliniki ya sukari ya mama yangu ni jambo linalohusu maisha yake, kihalisia, siyo kwa maneno ya jukwaani.

Nimeandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa Mganga Mkuu wa Jiji. Nimetaka majina ya wajumbe yabandikwe ubaoni pamoja na mapato na matumizi ya kituo, kwa Kiswahili kinachosomeka. Nimetaka mkutano wa kuchagua wawakilishi uitishwe jioni au Jumapili baada ya ibada, na mgonjwa wa muda mrefu na mama aliyejifungulia pale wawe na nafasi zao. Na ule uamuzi wa Jumatano moja urudishwe mezani, wagonjwa wakiwepo. Nakala ina mhuri wa kupokelewa, ninayo.

Walioko Moshi, Karatu, Usa River au popote ambako kamati inafanya kazi kweli, naomba mtuandikie hapa: mlichaguanaje, vikao vinakaa saa ngapi, na mlimbana vipi mfawidhi aweke hesabu ubaoni? Na kama kuna mjumbe wa kamati yetu anasoma uzi huu, ajitokeze. Tuna maswali, na Jumatano ijayo wazee watakuwa kwenye lile benchi tena.