Mjadala: Je, wazamiaji waruhusiwe kuingia na kupima mapango yaliyojaa maji?

Mtoa mada (Nairobi)

Naleta mada hii kutokana na mabishano yaliyozuka mezani kwetu hapa Nairobi baada ya zoezi la kuzamia katika bwawa la kuogelea. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba serikali ipige marufuku kabisa kuzamia ndani ya pango lenye maji. Mwingine akajibu kwamba pango ni la Mungu, anayetaka kuingia na aingie. Sikubaliani na yeyote kati yao. Rai yangu ni kwamba kibali kitolewe, lakini apewe yule anayekwenda kupima, na vipimo vyake viwe mali ya umma mara tu anapotoka majini.

Wengi wakisikia habari za mapango ya maji hufikiria mchezo wa watu wenye fedha na wasioogopa kufa. Mimi hufikiria kisima. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao maji ya mvua huuyeyusha polepole na kuacha ndani yake nyufa, mifereji na mapango. Watu huchota maji katika visima vilivyochimbwa kwenye mwamba huo, na vyoo vya shimo vimechimbwa humo humo. Maji yanayopita katika mfereji ulio wazi hayachujwi kama yanayopenya mchangani. Uchafu uliozama huku huibuka kule ukiwa vilevile. Ni nani anayekunywa yaliyopita chini ya choo cha nani? Anayesimama juu ya ardhi atakisia tu.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa chemchemi ya Wakulla, jimbo la Florida, Marekani. Wazamiaji walianza kuipima kwa mpango mwaka 1987, na kwa miaka mingi wakaendelea kufuata mifereji yake hadi mwaka 2007 walipoiunganisha na mapango ya Leon Sinks. Jiji la Tallahassee lilikuwa likinyunyizia mashamba majitaka yaliyosafishwa, likiamini kwamba udongo utamaliza kazi iliyobaki. Wataalamu walipotia rangi ardhini pale mashambani, rangi hiyo ilitokea Wakulla. Hatimaye jiji likaboresha mtambo wake wa kusafisha majitaka. Rangi peke yake huonyesha maji yameingia wapi na yametokea wapi. Ramani ya mzamiaji huonyesha njia yaliyopita katikati, na kwa hiyo huonyesha ni ardhi gani ya juu inayopaswa kulindwa.

Niseme pia upimaji wenyewe ni kazi ya namna gani. Anayeingia hufunga kamba nje, mahali anapoweza kupanda moja kwa moja hadi hewani, kisha huilaza kamba hiyo bila kuikata mpaka mwisho wa safari yake. Kamba ina mafundo kila baada ya mita tatu, kwa mfano, na kila inapofungwa kwenye jiwe na kubadili mwelekeo mzamiaji husimama, akahesabu mafundo, akasoma dira, akasoma kina, akakadiria ukuta uko mbali kiasi gani kushoto, kulia, juu na chini, akayaandika yote kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Kosa la nyuzi mbili za dira halionekani mahali pamoja, ila likirudiwa vituo hamsini humpeleka mchora ramani chini ya shamba la mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana wapimaji hufurahi wanapopata mifereji miwili inayokutana: hapo duara hufungwa na kosa hujitokeza lenyewe.

Katika zoezi la siku hiyo tulikuwa tumelaza kamba chini ya bwawa na kuziba miwani yetu kwa foili, ili tuonje hali ya tope laini linapotimka na tochi kutofaa kitu. Mtu huifunika kamba kwa duara la kidole gumba na cha shahada bila kuivuta, akasogea kwa kugusa. Bwawa lile ninalijua kigae kwa kigae, na bado kwa dakika chache niliamini kwamba ninarudi mlangoni huku nikielekea upande wa pili. Nililipata fundo, nikalihesabu, nikagundua kosa langu. Tangu siku hiyo sipendi kusikia kamba ikiitwa kifaa cha ziada.

Mchangiaji wa kwanza (Nairobi)

Ndugu mtoa mada, umeieleza kazi vizuri, lakini umekwepa swali lililo gumu kuliko yote: mtu huyo asipotoka, nani atatumwa kumfuata? Tunakumbuka sote mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Ilichukua siku 13 kulitoa, ilhali hapo ni majini mahali pa wazi, pasipo paa la mwamba. Huko Afrika Kusini, katika shimo la maji la Boesmansgat, mzamiaji kijana Deon Dreyer alifia humo mwaka 1994, na Januari 2005 mzamiaji mwingine, Dave Shaw, akafa kwenye kina cha mita 270 alipokuwa akijaribu kuutoa mwili wa Dreyer. Je, serikali itoe kibali kinachoweza kuzaa vifo viwili kwa kimoja? Tena kuna roboti. Mwaka 2007 roboti iitwayo DEPTHX ilipima shimo la Zacatón nchini Mexico, lile lile alilofia Sheck Exley, mzamiaji mashuhuri wa mapango, mwaka 1994. Mashine ikipotea, hakuna mjane.

Mtoa mada

Ndugu yangu, hoja ya roboti naikubali kwa mashimo ya kina kirefu, na ningependa iandikwe kwenye masharti: shimo linaloshuka kupita kina ambacho mtu anaweza kukifikia na kurudi salama liachiwe mashine. Sikubali kwamba hoja hiyo inamaliza mjadala. Zacatón ni shimo pana lililo wazi juu. Mifereji ya pwani ni myembamba na yenye kona, na mara nyingi lazima mtu aondoe mtungi mmoja wa hewa ubavuni na kuusukuma mbele ndipo apite.

Umemtaja Exley, nami namtaja tena kwa heshima. Mwaka 1979 alichapisha kitabu kidogo ambamo alichambua ajali za mapangoni moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba wengi wa waliokufa hawakuwa na kamba iliyofika mlangoni, au walitumia hewa kupita theluthi moja wakati wa kuingia, au walishuka kina kisichowafaa. Theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, na ya tatu ni ya mwenzako mtungi wake ukiharibika: hesabu hiyo ndogo imeokoa watu wengi. Australia iliusikia ujumbe wa namna hiyo kwa uchungu. Kati ya 1969 na 1974 wazamiaji 11 walikufa katika mapango ya eneo la Mount Gambier, na wapo waliotaka yafungwe yote. Wazamiaji wenyewe waliunda chama mwaka 1973, wakaweka mitihani na madaraja, kila pango likapewa daraja lake, na vifo vikapungua sana huku mapango yakiendelea kupimwa.

Sasa swali lako la nani atatumwa. Watoto 12 na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang nchini Thailand mwaka 2018, waliowafikia kwanza ni Rick Stanton na John Volanthen, Waingereza wawili wa kujitolea waliojifunza kazi hiyo kwa miaka mingi ya kuchunguza mapango kwa hiari yao. Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, alipoteza maisha yake akipeleka mitungi humo, nami simtaji ili nishinde hoja. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa bahari ya wazi hauhamii pangoni wenyewe, na nchi inayopiga marufuku mapango yake siku ya msiba italazimika kuomba watu kutoka nchi zisizopiga marufuku.

Nakuongezea hata hoja ambayo hukuitaja, kwa kuwa inatugusa wakazi wa Nairobi. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mzamiaji aliyetoka majini Diani asubuhi akapanda ndege jioni anabeba naitrojeni mwilini kwenda mahali penye shinikizo dogo la hewa, na naitrojeni hiyo inaweza kugeuka mapovu katika damu na viungo vyake. Kibali kitamke wazi kwamba kikundi kibaki pwani angalau siku nzima baada ya kuzamia mara ya mwisho. Nimeona watu makini wakilipuuza hili kwa sababu ya kazi ya Jumatatu.

Mchangiaji wa pili (mzaliwa wa Kwale, anaishi Nairobi)

Mnazungumza kana kwamba mapango hayana wenyewe. Kwetu kuna mapango ya mizimu ambayo watu huingia bila viatu, wakaacha ubani na marashi. Ramani ikishakuwa ya umma, kesho atakuja mtafuta hazina na nyundo.

Mtoa mada

Dada yangu, au kaka, umenirekebisha, na ninabadilisha sehemu ya rai yangu. Nilisema vipimo vyote viwe vya umma. Sasa nasema mchoro wa mifereji na ardhi iliyo juu yake uwe wa umma, kwa sababu mwenye kisima ana haki ya kuuona, lakini mahali hasa pa mlango pabaki kwa wazee wa eneo, Makavazi ya Taifa na mamlaka ya rasilimali za maji. Kuna na hatari nyingine upande huo huo: mapango ya maji hutunza mifupa kwa namna ya ajabu. Huko Madagaska, katika pango la Aven, wazamiaji walikuta mabaki ya lemuri (wanyama wa jamii ya kima) wakubwa waliokwisha kutoweka duniani, yakiwa yametulia chini kama yalivyoanguka. Mkono mmoja wa pupa ungeyavuruga yote, kwa hiyo anayepima asiokote kitu.

Na wazee waulizwe kabla ya ombi la kibali kuandikwa. Wakisema pango hilo haliingiwi, kamba isifungwe hapo. Maji yake yafuatwe kwa rangi kutoka kisima hadi kisima, hata kama ramani itabaki na pengo.