Kuomba chuo cha Marekani tarehe 1 Novemba au kusubiri Januari?

Kijana wa Ujiji:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nilimaliza kidato cha sita mwezi Mei hapa Kigoma, tahasusi ya PCM, na matokeo ya Julai yamenipa daraja la kwanza, pointi 5. Nia yangu ni kusomea uhandisi Marekani kuanzia mwakani. Chuo ninachokipenda kuliko vyote kina utaratibu wa kuomba mapema ambao ukikubaliwa unawajibika kwenda. Mwisho ni tarehe 1 Novemba na majibu hutoka katikati ya Desemba. Utaratibu wa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, na majibu yake huja mwishoni mwa Machi. Baba anauza dagaa Kibirizi na mama ana genge, kwa hiyo chuo kisiponilipia karibu gharama zote siwezi kwenda. Wenzangu wanasema niombe mapema kwa sababu wanaokubaliwa ni wengi zaidi, lakini naogopa kujifunga halafu fedha zisitoshe. Naombeni ushauri.

Mwalimu wa Tabora:
Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo. Wenzako wanachanganya mambo. Ni kweli kwamba katika vyuo vingi sehemu ya wanaokubaliwa mapema ni kubwa zaidi, lakini humo wamo wanamichezo ambao makocha walikwishawachagua na watoto wa waliosoma hapo zamani, kwa hiyo usiichukue asilimia hiyo ukaihesabu kuwa yako.

Tena kuomba mapema kuko kwa namna mbili. Ipo ya kujifunga, ambayo ndiyo unayoiulizia, na ipo isiyofunga. Harvard, Yale na Princeton hutumia hii ya pili: hukuruhusu kusubiri hadi tarehe 1 Mei ndipo ujibu, ingawa hukukataza kuomba mapema katika vyuo vingine binafsi vya Marekani kwa wakati huohuo. Vyuo hivyo vitatu havitazami uwezo wa kifedha vinapochagua, hata kwa mwombaji wa kigeni, na aliyekubaliwa huzibiwa pengo lote la mahitaji yake, yaani tofauti kati ya gharama na kile ambacho familia inaweza kulipa, kwa hesabu ya chuo. Vyuo vingi vingine huutazama, na mgeni asiye na fedha hushindania fungu dogo. Kiandikie chuo chako barua pepe wiki hii ukiuliza kama kinakamilisha mahitaji yote ya mwanafunzi wa kigeni. Wakikujibu kwamba hawakamilishi, usijifunge.

Dada wa Kasulu:
Mdogo wangu, niko mwaka wa tatu huku Marekani na niliomba kwa kujifunga. Nilikubaliwa, lakini msaada ulikuwa na pengo ambalo hata kama nyumbani wangeuza shamba lote la michikichi lisingezibika. Niliwaandikia nikaeleza hesabu zetu, nao wakanifungua bila adhabu, kwa kuwa kanuni inakubali mtu ajitoe iwapo msaada hautoshi. Kilichonitesa ni muda. Ilikuwa tayari tarehe 18 Desemba, vyuo vingine vilikuwa vinafungwa tarehe 1 Januari, na mimi sikuwa nimeandaa ombi la pili. Shule ilikuwa likizo. Nilimfuata mwalimu wangu wa fizikia kwao, tukakaa katika duka la kuchapa, na barua yake ya kunipendekeza ilipofika nusu ya kupakiwa umeme ukakatika. Tulisubiri pale hadi saa tatu usiku. Kwa hiyo hata ukijifunga, maombi mengine yawe yamekamilika kabla shule hazijafungwa mwanzoni mwa Desemba.

Jambo la pili ni fomu ya CSS Profile, ambayo vyuo vingi huitumia kupima hali ya kifedha ya familia. Inataka mapato kwa tarakimu, na wazazi wetu hawana hati za mshahara. Mimi na baba tulikaa jioni tatu tukijumlisha madumu ya mawese kutoka kwenye daftari lake, msimu kwa msimu, kisha mtendaji wa kijiji akatuandikia barua ya kuthibitisha shughuli yake. Usiiache kazi hiyo hadi wiki ya mwisho.

Mzazi wa Mwanga:
Je, kijana wetu aripoti kwanza chuo cha hapa nchini huku akisubiri majibu?

Mwalimu wa Tabora:
Ndugu mzazi, hapo pana hatari. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu mtu aliyeanza shahada kwingine kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na kwa hao nafasi na msaada huwa haba zaidi. Aulize kabla ya kujisajili, na asiitupe nafasi ya nyumbani kabla ya kupata jibu la maandishi.

Kijana wa Ujiji:
Nawashukuru sana, Mwalimu, Dada na Mzee wangu. Barua pepe nimeituma leo asubuhi, na nimeuliza yote mawili, la fedha na la kuripoti chuo cha hapa. Wasiponihakikishia mahitaji yote, nitaomba mapema katika chuo kisichofunga na hiki nitakiomba Januari. Siku hizi ni za mbalamwezi na wavuvi wamepumzika, kwa hiyo baba yuko nyumbani, na usiku huu tunaanza na daftari la mauzo ya mwaka jana.